Usikilaumu Kioo Kabla ya Kukipima



Mada ya juma hili nimeletewa na mama mmoja wa Mombasa. Binti yake, mwanafunzi wa chuo, alikusanya akiba yake ya miaka miwili akanunua darubini ndogo ya lenzi, iliyokwisha tumika, kutoka kwa binamu yake. Hakuitaka kwa kuutazama mwezi tu. Aliitaka kwa kupigia picha vile vitu hafifu vilivyo mbali angani: mawingu ya gesi, vishada vya nyota, na falaki nyingine zilizo nje ya hii yetu. Picha za kwanza zilipotoka, nyota za pembeni zilikuwa na mikia, na nyota kubwa zimezungukwa na duara la zambarau. Binti akasema ameuziwa kioo kibovu. Binamu akajibu kwamba kioo ni kizima na mkono wa mtumiaji ndio mbovu. Mama zao, ambao ni ndugu wa tumbo moja, kila mmoja akasimama na mwanawe, na sasa wamepunguza kutembeleana. Mama akamaliza barua yake kwa kuniuliza: "Maalim, wewe unasomesha elimu ya nyota. Kati ya watoto hawa, nani mkweli?"

Nilimjibu kwamba swali hilo halina jawabu ya kalamu. Jawabu yake ni kukipima chombo chenyewe, usiku, chini ya nyota. Tukakipima. Kwa idhini yao naeleza tuliyoyafanya, kwani wapo wengi miongoni mwenu ambao watoto wao wanatamani chombo kama hiki, na bei yake si ndogo kwa nyumba ya kawaida. Majina ya wahusika nayaacha, na la kiwanda vilevile.

Kwanza tukijue chombo. Darubini ya lenzi ni mrija wenye vioo vilivyochongwa mbele. Nuru huingia, hupindwa na vioo, kisha hukutana mahali pamoja nyuma, na hapo ndipo kamera huwekwa badala ya jicho. Hii ya binti ina kipenyo cha milimita 72, na masafa kutoka lenzi hadi mahali nuru inapokutana ni milimita 420. Mtu aliyezoea kusikia habari za darubini kubwa huenda akaidharau. Lakini kwa kazi hii udogo wake ni faida. Ikifungwa kamera ambayo kitambuzi chake cha nuru kina upana wa milimita 23.5 na kimo cha 15.6, picha hukusanya anga ya takriban digrii 3.2 kwa 2.1. Mwezi mpevu huchukua nusu digrii tu, basi ungeweza kupangwa mara sita kwa safu ndani ya picha moja. Kilimia chote kinaenea humo. Hata falaki ya Andromeda, ambayo Abdulrahman al-Sufi aliitaja kama wingu dogo katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964, huenea karibu yote. Darubini kubwa ingeona kipande tu.

Sasa kuhusu kupima. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, aliandika Kitab al-Manazir juu ya nuru na namna jicho linavyoona. Neno alilolitumia kwa kulijaribu dai mpaka ukweli wake udhihirike ni i'tibar. Sisi watu wa pwani tunalo neno hilo, itibari, na kwetu lina maana ya kuaminiwa. Katika biashara ya vyombo vya nuru maana hizo mbili zinapaswa kufuatana: chombo kipimwe kwanza, kisha ndipo kiaminiwe, au kilaumiwe.

Ugumu ni kwamba darubini haipigi picha peke yake. Nyuma yake ipo kamera. Baina yake na kamera zipo pete za kuunganishia, na lenzi ndogo iitwayo flatena, ambayo kazi yake ni kuusawazisha uwanja wa picha mpaka pembeni. Chini yake kipo kiweko kinachofuata mwendo wa nyota. Juu yake ipo hewa, na hewa ya pwani ina unyevu. Kila mmoja wa majirani hawa anaweza kuharibu picha, na lawama ikaangukia kioo. Kwa hiyo kazi ya mpimaji ni kuwatenga hawa mmoja mmoja.

Tulianza mchana. Tulikagua lenzi kwa taa ya tochi iliyomulikwa kutoka ubavuni, kuona kama pana mikwaruzo au ukungu ndani. Tukaushika ule mrija mwembamba wa nyuma unaokwenda mbele na nyuma kwa kurekebisha fokasi, tukautikisa kidogo tukiwa tumeifunga kamera. Mrija unaolegea chini ya uzito wa kamera huipinda picha nzima. Huu haukulegea. Kisha tukailekeza darubini kwenye ukingo wa kuti la mnazi ulio mbele ya anga nyeupe, kutafuta rangi za pembezoni. Tuliona ufito mwembamba wa zambarau, nami nikauandika kwenye daftari bila kusema neno.

Hapa naomba kila mzazi anisikilize. Darubini isielekezwe kwenye jua kamwe ikiwa haina kichujio maalumu cha jua kilichofungwa imara mbele ya lenzi. Jicho linaloangalia jua kupitia darubini huharibika mara moja, na huenda lisipone. Darubini ikikaa nje mchana na ifunikwe kifuniko chake, na watoto wasiachwe nayo peke yao.

Usiku wake, katika msimu wa kaskazi na mwezi ukiwa bado haujachomoza, tulitoka nje ya taa za mji tukaenda kaskazini mwa Kilifi. Binti alifuatana na mama yake na kaka yake.

Jaribio la kwanza la usiku halihitaji kamera. Tulitia kijilenzi cha jicho chenye kukuza sana, tukaielekeza darubini kwenye Rigel, nyota ing'aayo mguuni mwa al-Jabbar. Jina lenyewe ni neno la Kiarabu rijl, mguu. Tukaipoteza fokasi kidogo kwa makusudi. Nukta ya nyota hufumuka ikawa duara lenye pete ndani ya pete, mfano wa maji ya kisima yaliyodondokewa na kijiwe. Kisha tukavuka fokasi upande wa pili tukatazama tena. Pete zikiwa za mviringo, zenye kitovu kimoja, na zikikaribiana kufanana pande zote mbili, lenzi imechongwa na kupangwa vizuri. Zikisukumwa upande mmoja, vioo havikukaa katika mstari. Zikiwa na umbo la pembetatu, vioo vimebanwa mno na pete inayovishika. Zikiwa mfano wa yai, na yai hilo likageuka ubavu unapovuka fokasi, hapo pana kasoro kubwa ya kioo. Tulitazama sote kwa zamu. Pete zilikuwa za mviringo, kitovu kimoja, pande zote mbili.

Binti akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, mbona basi picha zina mikia?"

"Mwanangu," nikamwambia, "sasa ndiyo tumeanza kuwauliza majirani."

Jirani wa kwanza ni kiweko. Anga huonekana ikizunguka digrii 15 kila saa, na kwa darubini ya namna hii sekunde moja tu bila kuifuata nyota yatosha kuifanya nukta iwe mstari. Kiweko hufuata mzunguko huo ikiwa mhimili wake umeelekezwa kwenye ncha ya anga. Wenzetu wa Ulaya huitumia Nyota ya Kaskazini, lakini kwetu nyota hiyo imo chini ya upeo wa macho. Kilifi iko digrii 3.6 hivi kusini ya ikweta, basi ncha ya kusini nayo iko juu ya upeo kwa digrii hizo hizo chache, na hakuna nyota ing'aayo ya kuionyesha. Viweko vingi havikuundwa kulala chini hivyo, na uzani wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi. Njia iliyobaki ni ya subira: kuchagua nyota iliyo juu karibu na mstari wa kaskazini na kusini, kuona inakengeuka upande gani, kurekebisha kidogo, kisha kufanya vivyo hivyo kwa nyota ya mashariki. Ilituchukua muda wa saa nzima.

Baada ya hapo tukapiga picha za sekunde 10, na nyingine za sekunde 120, za sehemu ile ile ya anga. Kanuni yake ni nyepesi. Mikia ikielekea upande mmoja picha nzima, na ikirefuka kadiri muda unavyorefuka, mkosa ni kiweko. Mikia ikitofautiana pembe kwa pembe, na ikiwamo hata kwenye picha fupi, kiweko hakina hatia. Yetu ilitofautiana pembe kwa pembe. Katika pembe zote nne nyota zilirefuka kana kwamba zinaelekea katikati ya picha.

Alama hiyo ina maana yake. Flatena hufanya kazi sawasawa ikiwa iko umbali maalumu kutoka kitambuzi cha kamera, na kwa nyingi umbali huo ni milimita 55. Nyota za pembeni zikirefuka kuelekea katikati, kamera iko karibu mno. Zikirefuka kwa kuizunguka katikati, iko mbali mno. Tukapima kwa kalipa, tukapata 52. Milimita tatu zilikosekana, na milimita tatu ni nyingi hapa.

Mama akampigia simu mtoto wa nduguye palepale. "Mwanangu, kulikuwa na pete yoyote uliyokuwa ukiitia baina ya kamera na darubini?" Kijana akafikiri, akasema ataangalia. Jioni ya pili alikuja mwenyewe, na pete mkononi. Ilikuwa imebaki kwenye mtoto wa meza yake tangu siku aliyouza. Tukaitia. Pembe tatu zikapona papo hapo, nyota zikawa nukta.

Ya nne haikupona. Pembe ya juu kulia ilibaki na vimkia. Binamu akamtazama binti, na binti akamtazama binamu, nami nikaona ugomvi unataka kufufuka. Jaribio la kutenga hapa ni kuizungusha kamera robo duara huku darubini ikibaki vilevile, kisha kupiga picha tena. Kasoro ikihamia pembe nyingine ya picha, inatoka kwenye darubini. Ikibaki pembe ile ile ya picha, imesafiri pamoja na kamera, na kamera ndiyo yenye kasoro. Ilibaki pale pale. Kaka mtu, mwenye kamera, akakumbuka kwamba iliwahi kuanguka kutoka juu ya kabati.

Likabaki duara la zambarau. Kioo huipinda nuru ya buluu zaidi ya nyekundu, kwa hiyo rangi zote hazikutani mahali pamoja. Lenzi moja haiwezi kuepuka jambo hili. Lenzi mbili za vioo tofauti husahihishana kwa sehemu kubwa, na moja ikiwa ya kioo maalumu chenye kutawanya rangi kidogo, zaidi. Lenzi tatu husahihishana vizuri zaidi, na bei hupanda. Ya binti ina mbili.

Binamu alikuwa na hoja. Alitoa simu akaonyesha picha aliyoipiga zamani ya Kilimia, nyota zake zimevikwa utando wa buluu, akasema buluu hii ni ya kweli, wala si kasoro. Katika hili alikuwa na haki nusu. Kilimia, ambacho wazee wetu walikitumia kujua majira, wakisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kiko umbali wa takriban miaka ya nuru 440, na kimezungukwa na vumbi linaloakisi nuru ya nyota zake. Vumbi hilo lilizusha ubishi kama huu zamani. Mwaka 1859 Wilhelm Tempel, akiwa Venice na darubini ya lenzi ya sentimita kumi hivi, aliona wingu hafifu karibu na Merope, nyota mojawapo ya Kilimia, akalifananisha na doa la pumzi juu ya kioo. Wengine waliokuwa na darubini kubwa kuliko yake hawakuliona, na wakatia shaka. Picha zilizopigwa na ndugu Paul na Prosper Henry wa Paris mwaka 1885 na baada yake ndizo zilizothibitisha kwamba Kilimia kimejaa mawingu ya namna hiyo.

Basi tutajuaje buluu ya vumbi na zambarau ya kioo? Kwa kuielekeza darubini kwenye nyota nyeupe ing'aayo isiyokuwa na vumbi la namna hiyo. Tulingoja Shiira, ambayo Wazungu huiita Sirius, ipande juu, kwani nyota iliyo karibu na upeo hutiwa rangi na hewa yenyewe. Duara la zambarau lilikuwapo, la mviringo kamili, kote kuizunguka. Tulipozitenga rangi za picha, nyota katika rangi ya buluu zilikuwa nene kuliko katika nyekundu na kijani. Huyo sasa hakuwa jirani. Alikuwa kioo, na ule ufito wa ukingo wa kuti ulikwisha kutupa habari yake mchana.

Yapata saa tano usiku nyota zote zikaanza kuvimba na kufifia. Binti akashtuka. Tukamulika lenzi ubavuni: umande. Huyu ni shahidi wa uongo mkubwa kuliko wote hapa pwani. Dawa yake ni kola ndefu ya kuzuia umande na mkanda mwembamba wa kupasha joto unaozungushwa mbele ya mrija. Dawa isiyofaa ni kuifuta lenzi kwa upindo wa leso. Leso ina vumbi na chumvi, nayo hukwaruza.

Hukumu nikaisema mbele yao wote. Lenzi imechongwa vizuri na imekaa sawa. Mikia ya pembe tatu ilitokana na pete iliyosahauliwa na muuzaji. Mkia wa pembe ya nne ni wa kamera ya mnunuzi. Zambarau ni tabia ya lenzi mbili, na kwa darubini ya daraja hii si ubovu. Lakini katika ujumbe wa kuuza, binamu alikuwa ameandika kwamba darubini "haina rangi hata chembe." Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, ila mwenye kuuza humbidi aseme la chombo chake kama lilivyo, kwani mnunuzi hulipa kwa kulitegemea neno lile. Nikawaambia kwamba binti ana haki ya kurudisha kwa sababu ya maneno hayo, au kubaki nayo kwa bei ya haki. Binti akachagua kubaki nayo. Kiasi kilichorudishwa walikipanga wenyewe, na mama zao wakaambiana kwa simu kabla hatujafungasha.

Kwa msomaji anayetaka kununua, haya ndiyo ya kushika. Usinunue kwa kuziona picha nzuri za muuzaji. Programu za siku hizi hufuta mikia na maduara. Omba picha moja ghafi, isiyosafishwa, ukazikuze pembe zake nne. Uliza kila pete iliyokuwa ikitumika, na upime umbali mwenyewe. Ukinunua mpya, uliza siku za kurudisha ni ngapi, na uhakikishe zinaangukia usiku usio na mwezi, la sivyo zitakwisha kabla hujaona nyota moja sawasawa. Akiba yako usiimalize yote kwenye lenzi, kwani kiweko kibaya huishinda lenzi nzuri. Andika kila jaribio na saa yake, usitegemee kumbukumbu.

Na baada ya kununua, kumbuka kwamba hewa yetu ya chumvi na unyevu huotesha kuvu ndani ya vioo. Ikaushe darubini kwanza, kisha uiweke ndani ya sanduku linalofungika pamoja na vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usivitupe. Vikusanye, na ubadilishe mara kwa mara.

Wassalaam.